Makande Yasiyo na Moshi

Siku ya kwanza Hezroni alidhani pua yake imezeeka. Alikuwa barazani na kikombe cha chai ya tangawizi, ukungu wa mwezi wa sita umekifunika kijiji chote cha Mhezi mpaka migomba ya jirani haionekani, mara harufu ya makande ikamfikia kutoka kwa shemeji yake Victoria, ng'ambo ya uwanja. Makande yaliyoiva. Harufu hiyo haina ubishi kwa Mpare. Lakini jikoni kwa Victoria hakukuwa na moshi. Hakukuwa na moshi jana yake jioni wala asubuhi hiyo. Na makande, tangu enzi za mama yake Hezroni, ni saa tano za moto wa kuni. Pungufu ya hapo unatafuna mawe.

Hezroni alikuwa mtunza stoo wa chama cha ushirika kwa miaka thelathini, na mtu aliyelinda magunia ya kahawa ya wenzake miaka thelathini haamini hata mzani anaoutumia. Kwake hakuna kitu kinachopungua chenyewe. Kila upungufu una mkono uliouchota, na kazi ya mtu mwenye akili ni kuutafuta mkono huo. Aliingia ndani akachukua daftari.

Kilichokuwa kinapungua ni umeme. Umeme ulipofika kijijini, Hezroni na mdogo wake Clemence walichanga wakawekewa mita moja ya LUKU ukutani kwa Hezroni, na kutoka hapo waya ukavuka uwanja juu ya nguzo mbili za mkaratusi hadi kwa Clemence. Clemence alipofariki, waya ulibaki na mjane wake. Kila mwezi Victoria alileta theluthi yake ya pesa, akaikabidhi kwa mikono miwili, na uniti hamsini zilizitosha nyumba zote mbili mwezi mzima. Mwezi huu uniti hamsini zilikwisha kwa siku kumi na mbili. Hezroni akanunua hamsini nyingine, na alipovuka sabini na tano akakuta anatozwa bei ya watumiaji wakubwa, karibu mara tatu ya ile aliyoizoea. Siku hiyo hakula chakula cha mchana.

"Victoria anapikia nini siku hizi?" alimuuliza mkewe Esta.

"Mwanawe Paschal amemtumia sufuria la presha la umeme kutoka Dar," Esta alijibu. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, anayapapasa moja moja kwa vidole.

"Na wewe ulijua, ukanyamaza."

"Ni sufuria tu, Baba Agatha. Si bunduki."

Hezroni alimtazama. Kwa miezi kadhaa sasa mkewe alikuwa na tabia asiyoipenda: ukisema naye, macho yake hayatui usoni kwako. Yanapita pembeni, yanaelekea dirishani, kama ya mtu anayeficha jambo. Stoo ilikuwa imemfundisha kuwaogopa watu wa macho hayo. Alilitia moyoni, hakuliandika, ingawa mkono ulimwasha.

Alivuka uwanja siku hiyo hiyo akidai kwenda kumjulia hali shemeji, na Victoria alipoingia ndani kumletea kiti, Hezroni akaligeuza lile sufuria chali. Chini palikuwa na kibandiko: wati 1000. Alirudi kwake akiwa hajakaa hata kwenye hicho kiti.

Usiseme Hezroni alimsingizia mtu kwa chuki. Alipiga hesabu, tena kwa haki kabisa, akianza na nyumba yake mwenyewe. Friji dogo, kama robo tatu ya uniti kwa siku. Televisheni, wati themanini kwa saa tano, chini ya nusu uniti. Taa za nyumba zote mbili, zile nyeupe za wati tisa, hazifiki theluthi. Pasi, redio, simu. Alimuuliza Esta kuhusu glopu ya jiko la zamani, lile jiko la marehemu mama lililokuwa nyuma ya nyumba, ambamo Esta alikuwa amewaweka vifaranga wake. Hezroni mwenyewe hakuwa akiingia humo, maana kifua chake hakipatani na vumbi la kuku.

"Vifaranga unawapasha na nini?"

"Kwa chungu cha makaa," Esta alisema. "Wa siku zote wanapashwa na nini?"

Akaandika: jiko la zamani, taa moja, haitumiki. Akajumlisha. Ilikuja uniti moja na theluthi mbili kwa siku, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikifanya hamsini zifike mwisho wa mwezi. Lakini sasa mita ilikuwa inakula uniti nne na kidogo kwa siku. Zilizopotea ni mbili na nusu.

Hapo ndipo alipolifikia sufuria. Wati elfu moja kwa saa moja ni uniti moja. Makande ni saa tano, kwa hiyo uniti tano. Victoria alipika siku moja na kupumzika siku moja, maana alikuwa anawauzia walimu na mafundi waliokuwa wakijenga darasa. Tano ukigawa kwa siku mbili unapata mbili na nusu. Hezroni aliirudia mara tatu. Mbili na nusu zilizopotea na mbili na nusu za sufuria zilikaa pamoja kama kifuniko na chungu chake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akaipiga meza mpaka chai ikamwagika. "Hesabu haidanganyi, Mama Agatha. Ni Victoria."

Esta alikuja na kitambaa akafuta meza, akafuta upande usio na chai. Mtu anayefuta pasipomwagika kitu, Hezroni aliwaza, fikra zake ziko mbali. Akaanza kuhisi kwamba hawa wanawake wawili wanajua kitu kimoja. Tena si mara moja alikuwa amewakuta wameinamiana pale mlango wa nyuma wakinong'ona, na alipokohoa wakaanza kuzungumzia kwaya.

Asubuhi yake akamwita Victoria uwanjani, chini ya ule waya.

"Shikamoo, shemeji," Victoria alisema.

"Marahaba. Shemeji, mimi ni mtu wa maneno machache. Sufuria lako linakula uniti tano kila ukipika. Nimeliandika hapa."

Victoria alilitazama daftari bila kulishika. Alikuwa mwanamke mrefu anayetembea ameegemea upande mmoja tangu mwaka jana, alipoteleza na mzigo wa kuni kwenye mteremko na kuumia kiuno. "Halili kiasi hicho, shemeji. Makande humo hayakai saa tano."

"Yanakaa ngapi?"

"Saa moja na dakika chache."

Hezroni alitabasamu. Alikuwa ameshawasikia wengi stooni, wenye magunia yaliyopungua kwa sababu ya panya, ya jua, ya mizani. Ila makande ya saa moja alikuwa hajayasikia. "Shemeji, mimi nimekula makande miaka sitini na tisa. Usinifundishe makande."

Victoria alifungua mdomo. Kisha akatazama nyuma ya Hezroni, kule mlangoni alikosimama Esta amejitanda khanga, na mdomo ukafungika. "Basi kata," alisema. "Kata waya, shemeji. Nitarudi kwenye kuni."

Hilo ndilo lililommaliza Hezroni. Watu wa nje huwatania Wapare kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili agharamie kesi ya kuku, na Hezroni hakuwahi kuona tusi lolote katika utani huo. Kwake ulikuwa sifa. Mpare aliyeonewa atakwenda kwa balozi wa nyumba kumi, kwa mzee wa ukoo, kwa mchungaji, barazani na mahakamani, na akishindwa atakata rufaa. Mpare anayekubali yaishe siku ya kwanza ana lake jambo. Jioni ile ile akampigia simu Habibu, fundi umeme wa Same mjini.

Habibu alifika Jumamosi saa tatu asubuhi, bodaboda imejaa tope mpaka kwenye taa. Alikuwa kijana wa Kiislamu wa kule barabara kuu, mcheshi, mwenye koleo mfukoni na jaketi mbili mwilini kwa ajili ya baridi ya mlimani. Nauli ya kupanda na kushuka pamoja na kazi yenyewe ilikuwa elfu thelathini na tano. Kwa pesa hiyo Hezroni angenunua umeme wa miezi mitano. Alilijua hilo, maana alikuwa ameipigia hesabu, lakini haki si umeme.

"Shikamoo, mzee. Tunakata upi?"

"Huo unaovuka."

"Una deni?"

"Una mwizi mwishoni."

Victoria alikuwa amesimama mlangoni kwake na sufuria limekumbatiwa kifuani. Lilikuwa jeupe, lina vitufe, linang'aa kuliko kitu chochote uwanjani pale. Habibu alilitazama, akamtazama yeye, kisha akamtazama mzee mwenye daftari, na tabasamu likamtoka taratibu. "Mzee, kabla sijapanda ngazi. Hilo ndilo mwizi? Tulipime. Mita iko hapa, sufuria liko hapo. Mahindi yamelowekwa?"

"Tangu jana," Victoria alisema kwa sauti ndogo. "Lakini fundi, huna haja. Wewe kata tu, uwahi kushuka."

"Mnaona?" Hezroni alisema. "Hataki kupimwa. Pima."

Wakazima friji, televisheni, redio, taa zote. Hezroni mwenyewe alipita chumba kwa chumba akibofya swichi, hakutaka kumwachia mtu. Mita ilisoma 22.60. Kitaa chake chekundu kilipepesa haraka haraka sufuria lilipoanza, na Hezroni akavuta kiti karibu, daftari magotini, akakaa kama mtu anayelinda maiti. Esta alikuja akasimama nyuma yake. Mikono yake alikuwa ameificha ndani ya khanga.

"Unasikia baridi?" Hezroni aliuliza.

"Kidogo."

"Soma hapo, uwe shahidi. Inasema ngapi?"

Esta aliinamisha uso mpaka pua ikakaribia kugusa mita. "Ishirini," alisema, "na... ishirini na kitu."

"Ishirini na kitu," Hezroni alirudia kwa uchungu. Hata ushahidi hakutaka kuutoa. Ni kweli mwezi wa kwanza waliambiwa hospitalini kwamba Esta ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba wanaweza kumtoa. Hezroni aliuliza bei, akaiandika, akasema wasubiri tangawizi ivunwe. Tangawizi ilivunwa, ikaja ada ya mjukuu, yakaja mabati. Na mwanamke mwenyewe hakulalamika. Alikuwa anakwenda shambani, anapika, anafika kanisani. Mtu anayefika kanisani anaona.

Saa moja na dakika kumi baadaye sufuria lilipumua kwa kelele, na Victoria akalifungua hapo hapo uwanjani. Habibu alichota kijiko, akampa mzee. Hezroni alitafuna. Mahindi yalipasuka laini, maharage yameshikana na mahindi, kama ya mama yake. Alitafuna muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mita inasema 21.95," Habibu alisema. "Imekula sifuri nukta sita tano. Hata uniti moja haijafika, mzee."

Hezroni alilitazama daftari. Saa tano ilikuwa imeandikwa pale kwa kalamu nyekundu, amepigia mstari. Hakuwa amewahi kuipima ile saa tano, alikuwa ameirithi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na Hezroni alikuwa na njia moja tu ya kuitoa aibu, kutafuta kosa lingine. Akainua macho kwenye mita. Sufuria lilikuwa limechomolewa, liko mkononi kwa Victoria, lakini kitaa chekundu kilikuwa bado kinapepesa. Taratibu safari hii. Kinapepesa, kinatulia, kinapepesa.

"Huko ndani ana kingine!" alisema akisimama. "Sufuria lilikuwa danganya toto. Kitu kinakula sasa hivi, mnaona wenyewe. Kwangu nimezima kila kitu kwa mkono huu. Kata, fundi."

"Kata," Victoria alisema upesi. "Nimekubali, fundi, ni mimi. Kata uondoke."

Hezroni aliona jasho kwenye paji lake, kwenye baridi ile, akajua amempata. Habibu alizima swichi kubwa, akapanda ngazi, akaufungua waya, akaushusha. Uliangukia majani ya uwanja na kulala hapo. Miaka kumi na moja ulikuwa umekaa juu. Clemence ndiye aliyeunyoosha kwa mikono yake. Habibu akashuka, akawasha swichi kubwa tena, wote wakatazama ukutani.

Kitaa chekundu kikapepesa, kikatulia, kikapepesa.

Habibu alizunguka nyuma ya nyumba akiufuata kwa macho waya mwembamba uliotoka chini ya paa. "Huu unakwenda wapi, mzee?"

"Jiko la zamani. Haliwaki."

"Fundi, basi," Victoria alisema, akamshika mkono, jambo ambalo mwanamke wa Mhezi hamfanyii kijana wa watu. "Tafadhali. Imetosha."

Lakini Hezroni alikuwa ameshatangulia. Alisukuma mlango, akapangua gunia lililotundikwa nyuma yake, na gunia la pili, na joto likampiga usoni. Katikati ya jiko la mama yake, kwa kamba, ilining'inia glopu ya zamani, ile ya waya wa moto, wati mia, ya njano kama yai. Chini yake vifaranga thelathini walikuwa wamelaliana. Wati mia kwa saa ishirini na nne. Kichwa chake kilipiga hesabu kabla hajakiruhusu: mbili nukta nne. Na kama robo uniti ya lile sufuria, kila siku. Ilitimia, tena ikazidi kidogo.

"Ulisema makaa," alisema bila kugeuka.

Esta alikuwa ameingia nyuma yake akipapasa ukuta. "Nilianza na makaa," alisema. "Makaa siyaoni, Baba Agatha. Sijui lini yamezimika na lini yamewaka. Niliyashika mara mbili." Akautoa mkono ndani ya khanga. Kiganjani kulikuwa na kovu, na juu ya kovu kidonda kibichi. "Glopu ninaiona. Ndicho kitu pekee ninachokiona vizuri siku hizi. Nikiingia humu najua niko wapi."

"Kuku wa nini?"

Victoria ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni, na hasira aliyoimeza wiki nzima ikatoka. "Wa macho yake, shemeji. Mwezi ujao tunawauza, tunaongeza pesa yangu ya makande, tunashuka naye hospitali. Nilimwambia anyamaze. Mimi nikikatiwa waya nitabeba kuni. Yeye ukimzimia ile glopu, kuku wanakufa, na macho ndiyo yamekwisha."

"Nilimwacha akaitwa mwizi kwa ajili yangu," Esta alisema. "Mungu anisamehe. Nilikuogopa."

Hezroni alitaka kusema kwamba yeye si mtu wa kuogopwa, lakini daftari lilikuwa mkononi na lingemkana. Alilifungua ukurasa wa nyuma, asijue kwa nini. Ilikuwa pale, ya mwezi wa kwanza, kwa kalamu nyekundu ile ile: bei ya macho mawili, kugawa kwa miaka kumi aliyokadiria kwamba Esta amebakiza kuishi, na chini yake neno moja, Ghali. Alikuwa ameisahau kabisa, alivyosahau hesabu nyingine nyingi.

Akanyoosha vidole vitatu mbele ya uso wa mkewe, karibu kabisa, mwanga wa glopu ukiwa ubavuni. "Mama Agatha. Hivi ni vingapi?"

Esta alitazama pale sauti ilipotokea, kidogo pembeni ya uso wa mumewe, kwa yale macho ambayo Hezroni alikuwa ameyaita ya mficha jambo. "Umenyoosha vidole?" aliuliza.

Mkono wa Hezroni ulibaki hewani. Nje Habibu alikuwa anakohoa kikohozi cha mtu anayetaka kuondoka asijue namna. Kifaranga mmoja alipanda juu ya kiatu cha mzee akatulia hapo, na kifua cha Hezroni kilikuwa kimeanza kubana kwa vumbi, lakini hakusogea.

"Fundi," aliita hatimaye. "Rudisha waya wa shemeji. Na hiyo glopu usiiguse." Akashusha mkono. "Jumatatu tunashuka hospitali, Mama Agatha. Nitauza yale mabati."

Alingoja afurahi. Alingoja walau ashangae. Esta aliinama, akawapapasa vifaranga mpaka akampata mmoja, akamwinua kwenye mwanga karibu na jicho lake. Alikaa hivyo muda mrefu, kama mtu anayechunguza noti asiyoiamini.

"Umeshaipigia hesabu?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi ipige kwanza," Esta alisema, akamrudisha kifaranga chini ya taa. "Halafu uniambie tena."